Mwenye Mahame na Maziwa ya Watoto

Kamua!

Mbona mnanitazama? Nikisema "Kamua!" nyinyi itikieni "Tumekinga!" Kisa ni kama ng'ombe, hakitoi kitu mbele ya mtu asiye na chombo. Haya, tena.

Kamua!

"Tumekinga!"

Hapo sawa. Sasa hapo zamani, zamani hasa, si zamani ile ya babu yenu aliyekuwa akijisifu kwamba aliua simba, na simba mwenyewe alikuwa mgonjwa. Zamani ya mawe kuwa laini na fisi hajajifunza kucheka. Zamani hizo watu wetu walikuwa wakikaa upande wa pili wa vilima vile, mahali palipoitwa Ilenje. Nyumba zao zilikuwa tembe, paa la udongo lililonyooka, la kuweza hata kuanikia uwele juu yake. Kumbukeni paa hilo. Mtu anaweza kutembea juu yake, na kitu kisicho mtu pia kinaweza.

Nehemia aliniuliza asubuhi, kwa mdomo wake ule wa kubishana, kwa nini mdogo wake anapewa maziwa mabichi, mimi napewa mgando, na yeye anapewa chai ya rangi. Sikumjibu. Jibu lake linanitia hofu mpaka leo, na mimi sipendi kuogopa kabla sijala. Sasa nimekula. Dorika, endelea kukitikisa kibuyu, siagi haitoki kwa kuduwaa.

Zamani hizo maziwa yalikuwa na wenyewe. Maziwa mabichi, yenye povu na joto la ng'ombe, yalikuwa ya watoto, kuanzia anayetambaa mpaka anayeng'oka jino la kwanza. Ukishang'oka jino, basi, umeliaga povu. Maziwa mgando, mazito, yaliyolala siku tatu kibuyuni, yalikuwa ya wazee waliobakiwa na fizi. Na wa katikati, wenye meno na misuli? Hao walisubiri. Masika walikunywa yaliyobaki baada ya kutolewa siagi. Kiangazi walikula ugali wa uwele kwa mlenda, wakamshukuru Mungu.

Na ulikuwepo mwiko. Mtoto asionje mgando wa wazee. Waliamini akionja, uzee unamwingia kabla ya ujana: nywele zinakuwa nyeupe, magoti yanalia, anakufa hajaota ndevu. Usicheke, Dorika. Waliamini kama wewe unavyoamini kwamba ukikalia kinu mama yako atapatwa na jambo.

Basi mwaka mmoja mvua ikakataa. Mwaka wa pili ikakataa tena. Ng'ombe wakakonda, watu wakakonda, hata vivuli vyao vikakonda. Mto ukabaki mchanga mtupu. Wanaume wakachimba kisima kwenye mchanga ule, wakashuka, wakashuka, mpaka ikabidi wasimame tisa, mmoja juu ya mwingine kwenye vidato vya ukuta, wakipokezana ndoo za ngozi kutoka chini hadi juu. Aliyesimama chini kabisa, gizani, maji yakimfika kiunoni, aliitwa Ndahani.

Msimwone Ndahani kuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya kisa hiki kingekuwa chepesi, na mimi nisingekiogopa. Alikuwa na mabega mapana, alikuwa na aibu mbele ya wakwe, na bila yeye ng'ombe wote wangekufa. Lakini siku moja alitoka kisimani, akaitisha watu zizini.

Akasema, "Jamani, leo nimeona nyota mchana. Imebaki kidogo niachie ndoo. Nikiachia, inamwangukia nani? Inaniangukia mimi, na wanane walio juu yangu wanafuata. Nani atawanywesha ng'ombe?"

Akaendelea,

"Maziwa haya machache tunawapa watoto. Mtoto anachota maji? Hachoti. Mgando tunawapa wazee. Mzee anachota maji? Hachoti. Sisi wachotaji tunakula majani. Nasema hivi: mpaka mvua irudi, povu liwe letu. Tukiishi sisi, watazaliwa watoto wengine."

Hapo akasimama bibi mmoja, Bibi Wendo, mfupi, mkavu, hana hata jino moja. Akasema, "Ndahani, mwanangu, hayo mabega uliyapata wapi? Si kwa povu la kiangazi kile kilichomuua baba yako? Baba yako alikufa njaa na wewe una maziwa mdomoni, na hakulalamika."

Ndahani akainamisha kichwa. Akajibu taratibu, "Najua, Mama. Lakini baba hakuwa na kisima kirefu kama hiki."

Mkweli, mnaona? Lilikuwa jibu la kweli. Na watu wakakubali. Wanaume wakakubali, vijana wakakubali, hata akina mama waliobeba watoto migongoni wakakubali, na hilo ndilo linaloniuma zaidi katika kisa chote. Povu likawa la wachotaji. Wazee wakaambiwa wabaki na kilichomo vibuyuni mwao, hakitaongezwa tone.

Kamua!

"Tumekinga!"

Siku ya kwanza watoto walilia. Walilia kijiji kizima, mpaka mbwa wakaondoka. Siku ya tatu wakalia kwa sauti za kukwaruza. Siku ya saba wakawa wanafungua midomo na kutoa hewa tu. Siku ya kumi kimya.

Kimya. Mnajua kimya cha kijiji chenye watoto? Hamkijui, nyinyi ni makelele matupu, na muendelee hivyo hivyo.

Wachotaji wakapata nguvu. Mashavu yakarudi. Wakashuka kisimani wakiimba, na ng'ombe wakanywa, na watu wakaambiana, "Mmeona? Watoto wenyewe wamezoea. Hawalii tena."

Wamezoea! Mungu atusamehe.

Bibi Wendo alikuwa akikaa na mkwewe, mke wa mwanawe Chilewa. Mkwe huyo aliitwa Mbeleje, na mtoto wake aliitwa Chedego, umri wake miezi kumi na minane. Kifua cha Mbeleje kilikuwa kimekauka tangu miezi mingi. Chilewa alikuwa mchotaji, wa tatu kutoka chini. Kila asubuhi alikunywa povu lake akiwa amewapa mgongo mkewe na mtoto, kisha anaondoka bila kuaga. Alikuwa akiona aibu. Lakini aliyamaliza.

Mchana mmoja Mbeleje alimkuta mkwewe ameketi kizingitini, kichwa amekiinamisha upande, kama anayesikiliza redio ya jirani. Ndiyo, Nehemia, najua hazikuwepo redio. Acha niseme ninavyosema.

"Mama, unasikiliza nini?"

"Nasikiliza watoto."

"Mbona hawalii?"

"Ndicho ninachosikiliza." Bibi Wendo akamshika mkono. "Mbeleje, mwanangu, unayajua mahame ya ng'ambo ya kilima?"

Mbeleje akaitikia kwa kichwa. Alijua kwamba kuna mahali watu waliwahi kukaa wakahama, kuta zimebaki, na kwamba hakuna anayepeleka mbuzi huko.

Bibi akasema, "Mahame yote yana mwenyewe. Watu wakihama, yeye ndiye anayehamia. Vinavyobaki ni vyake: mawe ya kusagia, milango, mifupa. Macho hana. Ana masikio, na masikio yake yanasikia kitu kimoja tu duniani, kilio cha mtoto mdogo. Penye kilio hagusi, anajua pana wenyewe, na hapo ndipo masikio yake yanapofunguka hata kwa sauti ya mtu mzima. Pasipo kilio..." Kisha akasema, "Nyanya yangu aliniambia. Nilidhani ananitisha ili ninyamaze. Kumbe alitaka nipige kelele."

Kesho yake, jua lilipofika utosini, wanawake waliokwenda kuni wakaona kitu juu ya kilima. Walidhani ni kichuguu. Lakini jana hakikuwepo.

Kesho yake tena, jua utosini, kichuguu kile kilikuwa mtoni. Kimechuchumaa. Wachotaji walipanda kutoka kisimani mmoja mmoja, wakakitazama, wakarudi nyumbani wakitembea haraka bila kukimbia, kwa sababu kila mmoja aliona haya kuwa wa kwanza kukimbia.

Kesho yake tena, jua utosini, kilikuwa kwenye boma la miiba. Kikasimama. Jamani, kilikuwa na miguu. Kirefu kupita tembe, rangi ya udongo mkavu, mwili wote umebanduka kama ukuta wa nyumba iliyoachwa, na usoni mahali pa macho pana lipu laini tu. Hakikuvunja boma. Kilitoa mwiba mmoja mmoja na kuupanga pembeni vizuri, kama mtu anayesafisha kiwanja chake. Na kilikuwa kikiimba polepole, kwa sauti ya chungu tupu:

"Mahame yangu, mahame yangu,
wenyewe wamekwenda,
vilivyobaki vyangu."

Sogeeni hapa karibu. Hapana, si kwa ajili yenu, kwa ajili yangu. Mimi ni mzee na huu wimbo siupendi.

Nyumba ya kwanza kutoka kwenye boma ilikuwa ya Ndahani. Mkewe alikuwa amekwenda na watoto kwao kutafuta nafaka, kwa hiyo alikuwamo peke yake, na mkuki, na nguvu zote zile za povu. Watu walijificha majumbani, wakachungulia kwenye nyufa. Waliliona dude lile likipanda juu ya paa la Ndahani, likatembea, huku na huku, huku na huku, likijaribu kwa nyayo kama paa ni zima. Kisha likashuka, likang'oa mlango, likauegemeza ukutani.

Ndahani akatoka na mkuki. Akapiga kelele iliyotikisa kijiji. "Mimi nipo! Hii ni nyumba yangu! Mimi Ndahani nipo hapa!"

Halikugeuka hata kidogo.

"Nipo! Huoni nipo? Nipo!"

Akalichoma mkuki. Mkuki ukazama kama unavyozama kwenye udongo, likautoa, likauweka juu ya mlango, likaendelea kuimba. Sauti ya mtu mzima masikioni mwake ilikuwa upepo tu. Likatoa jiwe la kusagia. Likatoa vyungu. Likatoa ngozi ya kulalia, likaikung'uta vumbi, likaikunja. Kisha likamshika Ndahani, naye bado anapiga kelele "nipo, nipo," likamkung'uta vile vile, likamkunja vile vile, likamweka juu ya ngozi.

Halafu kelele zikaisha.

Dorika, shika huo mkono wangu. Ee, hivyo hivyo.

Wachotaji waliobaki, na Chilewa akiwamo, walikuwa zizini na mikuki. Hakuna aliyetoka. Nani atoke? Aliyekuwa na nguvu kuwapita wote alikuwa amekunjwa kama shuka.

Nyumba ya pili kutoka kwenye boma ilikuwa ya Mbeleje.

Alisikia hatua juu ya paa. Vumbi likaanza kudondoka, chururu, chururu, kwenye nywele zake, kwenye jiko, kwenye uso wa mtoto. Akamnyanyua Chedego, akamtikisa. "Lia, baba. Lia, mume wangu. Lia, nakuomba." Ndivyo mama zetu wanavyowabembeleza watoto wa kiume, mnajua, kwa majina yote ya heshima. Mtoto akamtazama tu. Macho makubwa, shingo nyembamba.

Akamfinya. Mama huyo alimfinya mwanawe pajani mpaka kucha zikaacha alama, huku machozi yakimtoka yeye. Chedego akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Hakuwa na nguvu ya kulilia maumivu yake mwenyewe.

Juu ya paa, huku na huku, huku na huku.

Ndipo Bibi Wendo alipoinuka pale pembeni. Akachukua kibuyu chake, kilichokuwa na mgando wa kujaza kiganja kama mara tatu. Alikuwa ameutunza siku nyingi, akijilambisha kidole kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ndio uliokuwa uhai wake, hakuwa na kingine tumboni. Akazibua.

Mbeleje akashtuka. "Mama! Mwiko! Atazeeka!"

"Na azeeke," Bibi akasema. "Unaogopa mwanao kuwa mzee? Mimi nimezeeka, mbona hakuna ubaya mkubwa? Ni magoti tu. Mkalishe vizuri."

Akachovya kidole, akakipitisha kwenye ulimi wa mtoto. Tone la kwanza likatoka pembeni ya mdomo. La pili likatoka. Vumbi la paa likawa linadondokea kibuyuni, Bibi akakifunika kwa kiganja cha kushoto, akaendelea kwa kulia. Tone la tatu. Koo likacheza. La nne likaingia. La tano likaingia. "Taratibu, bwana mkubwa," akawa anasema, "taratibu, huna haraka, umekuja jana tu."

Hatua zikafika ukingoni mwa paa. Kishindo nje. Mwanga ukaingia ghafla, kwa sababu mlango ulikuwa umeondolewa na kuegemezwa ukutani. Na pale mlangoni likainama, likaingiza kichwa kile kisicho na macho, na harufu ya nyumba iliyofungwa miaka mingi ikajaa chumba kizima.

"Mahame yangu, mahame yangu..."

Mkono ukaanza na jiwe la kusagia. Ukatoka nalo. Ukaanza na vyungu. Ukatoka navyo. Bibi Wendo hakutazama. Akainamisha kibuyu chote kwenye mdomo wa mtoto, kilichobaki chote, na mgando ule mchungu wa siku nyingi ukamwingia Chedego kooni kwa pamoja.

Mkono ukagusa ngozi waliyokalia.

Mtoto akakunja uso. Mnajua uso wa mtoto aliyeonja kitu kichungu? Akakunja pua, akakunja paji, akavuta pumzi, akavuta, akavuta, ungedhani ataivuta dunia nzima, na akaiachia.

Akalia! Alilia kwa hasira, kilio cha mtoto aliyekosewa heshima, kikatoka mlangoni, kikafika zizini.

Mkono ukasimama. Wimbo ukakatika. Likakaa pale muda mrefu, limeinama. Kisha likarudi nyuma hatua moja, likatoka kabisa nje ya kizingiti, likasimama kwa adabu kama mgeni yeyote, likasema:

"Hodi."

Mbeleje alikuwa binti wa watu. Amelelewa vizuri, hajawahi kuacha hodi bila jibu tangu azaliwe. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, "Kari..." Bibi Wendo akamrukia, akauziba kwa mkono wenye maziwa. Hapo ndipo malezi mema yalipotaka kuwamaliza wote.

Bibi akajibu yeye. "Hapa pana wenyewe. Pita."

"Sikujua," likasema. "Nilisikia kimya."

"Sasa umesikia."

"Nimesikia mmoja. Kijiji kimebaki na nyumba kumi na tisa." Likaanza kuvirudisha vyungu ndani, kimoja kimoja, na jiwe la kusagia, likaviweka mahali pake hasa. "Nitapita kesho jua likiwa utosini. Penye kilio nitapiga hodi na kwenda zangu. Penye kimya ni pangu."

Likaondoka. Lakini liliondoka na mzigo wa nyumba ya Ndahani mgongoni, wote, na Ndahani akiwa juu.

Kamua!

Mbona mmeitikia kidogo hivyo? Na mimi naogopa, lakini naita.

Chilewa alifika akikimbia. Akamwona mwanawe analia, akamwona mama yake na kibuyu kitupu, akaanguka chini, akaweka paji la uso kwenye miguu ya mkewe. Mwanaume wa zamani hizo! Akasema, "Asubuhi nilikunywa. Nilikunywa yote. Hakuna maziwa mpaka ng'ombe wakamuliwe jioni."

"Basi usilie wewe," Bibi Wendo akamwambia. "Kulia si kazi yako leo. Nenda kawaambie wazee wenzangu wazibue vibuyu."

Chilewa akaenda nyumba kwa nyumba, na kila mahali wazee wakazibua. Wengine walikuwa na kiganja, wengine kidole. Mmoja alikuwa na ukoko tu, akaulowanisha kwa mate yake. Hakuna aliyetaja mwiko. Na jioni ng'ombe walipokamuliwa, wachotaji wenyewe waliketi chini na watoto mapajani, mikono ile minene ya kushika ndoo, wakachovya kidole kwenye povu, tone, tone, tone, mpaka alfajiri. 

Kesho yake jua likafika utosini. Dude likaja. Likapiga hodi nyumba ya Mbeleje, Chedego akalia, likapita. Nyumba iliyofuata, hodi, kilio chembamba kama cha paka, likapita. Iliyofuata, hodi, kilio, likapita. Watu waliokuwa wakisema "nyamaza" maisha yao yote walikuwa wakiwaambia watoto "ongeza".

Nyumba mbili hazikulia. Watoto wa nyumba hizo mbili walikuwa wamesahau kumeza. Za nyumba hizo sitawasimulia, na msiniulize, hata mkiwa wakubwa.

Likaondoka, likavuka mto, likapanda kilima, na pale juu halikukaa.

Bibi Wendo alisikia vilio vyote hivyo akiwa amelala kwenye ngozi yake. Alikuwa akivihesabu kwa vidole. Chilewa alimletea kata ya povu, akapiga magoti. "Mama, kunywa. Nakuomba, kunywa."

Akaisukuma kwa kidole kimoja. "Povu nililiaga siku nilipong'oka jino, mwanangu. Mpelekee mwenyewe." Akageuza kichwa upande wa mlango, ambao ulikuwa bado umeegemezwa nje. Alipofikia kilio cha kumi na saba, vidole vikaacha kuhesabu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipotaka mfike. Watu wetu walikuwa hawamziki mzee midomo mikavu. Walimpaka mgando midomoni, kidogo tu, ili asiende kwa waliotangulia akionekana kama mtu aliyetoka kwa watu wachoyo. Mzee asiyepakwa aliulizwa huko, "Kwani huko hukuwa na watoto?"

Wakatafuta mgando. Kijiji kizima hakikuwa na hata tone. Kila kibuyu cha mzee kilikuwa kimekombwa, maziwa mabichi yalikuwepo sasa, lakini hayagandi kwa kulilia, na maiti haisubiri siku tatu juani. Chilewa alikaa chini akajishika kichwa. Mama yake atakwenda mkavu, na aliyemkausha ni yeye.

Mbeleje akamchukua Chedego, ambaye alikuwa amepewa kibuyu cha bibi yake akichezee, na alikuwa ameukomba na kuulamba ukoko uliogandia ndani, kuanzia mdomoni hadi mkono ulipofika. Mashavu yake, kidevu chake, midomo yake, vyote vilikuwa vimepakaa weupe mzito. Mama akapiga magoti kando ya marehemu. Akamwinamisha mtoto taratibu, akamgusisha midomo yake kwenye midomo ya bibi yake, akampitisha upande huu, akampitisha upande huu, mpaka midomo ile ya mzee ikang'aa.

Mtoto akadhani ni mchezo, akacheka. Wakamzika hivyo.

Na Chedego hakuzeeka mapema. Alizeeka polepole kama watu wote, magoti na kila kitu, akafa akiwa na wajukuu wa kumpaka.

Basi, watoto wangu, mwenye nguvu ana haki ya kuchoka, ila hana haki ya kutangulia kibuyuni. Mtoto kwanza, mzee wa pili, wewe mwenye meno kaa usubiri, na ukiona watoto wamenyamaza usiseme wamezoea. Inuka ukaangalie.

Kisa nimekikamua mpaka chuchu imelegea. Ndama afunguliwe, ng'ombe aende zake malishoni, na mimi nipisheni ninyooshe miguu.